Mama Angalia Mbele ya Waya Uchi

Tulimwacha gizani. Taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa kwa mpigo mmoja, vijana waliojaa humo wamenyamaza kama maji mtungini, Mama Angalia ameng'ang'ania mkono wa wifi yake, na kutoka kwenye spika kubwa kuliko kabati la nguo ikatoka sauti ya msichana ikisema taratibu:

"Mama, usije."

Sauti ya binti yake! Sauti aliyoizaa mwenyewe, akainyonyesha, akaifundisha kuamkia wakubwa.

Kwa msomaji aliyeingia leo, habari ni fupi. Mama Angalia ni mfuaji wa mashuka ya hospitali, na jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila kuanza na "angalia". Binti yake wa pekee alikuja mji mkubwa kujifunza ufundi wa mitambo ya sauti. Akafuatana na kundi la muziki linaloitwa Waya Uchi, watu wa roki ya magitaa na kompyuta. Kisha akaacha kupokea simu. Mama akapeleka ujumbe wa sauti, akapeleka mwingine, akapeleka mpaka simu ikawa na homa. Majibu yakaja mara moja tu: "Mama, usije. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

Sasa wewe mwambie mama mwoga "usije", halafu kaa mlangoni uone vumbi.

Alikuja. Alikuja na pamba masikioni, viatu vya mpira vya kazini, na wifi yake msusi aliyejitolea kumsindikiza kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hajacheza muziki tangu harusi ya kaka yake. Shabaha ya safari ilikuwa moja: kumrudisha binti nyumbani leo hii, kwa maana mjini kote ilisemwa kwamba kesho Waya Uchi wanapaa kwenda ng'ambo, na hawarudi mpaka mwaka uzunguke.

"Ni yeye!" Mama Angalia alipiga ukelele kwenye giza. "Wamemfungia ndani!"

"Ndani ya nini, wifi?"

"Ndani ya spika!"

"Wifi, punguza sauti, tunaonekana washamba."

"Gizani tunaonekanaje?"

Taa zikalipuka. Zambarau, kijani, nyekundu, kama mtu ametupa sabuni za rangi kwenye mashine moja bila kutenganisha nguo. Jukwaani walikuwa vijana watatu: mmoja ana gitaa, mmoja ana ngoma, wa tatu ameinamia meza iliyojaa nyaya na vitufe kama daktari anayepasua mgonjwa. Watatu tu. Binti hayupo.

Mama Angalia alimgeukia msichana aliyesimama kando yake, mwenye nywele za kijani na pete puani.

"Mwanangu..."

"Shikamoo, mama."

Mama Angalia alishtuka. Hakutegemea pua yenye pete kuwa na adabu. "Marahaba. Mwenye hiyo sauti yuko wapi?"

"Ya 'mama, usije'? Hiyo imerekodiwa. Inatoka kwenye mtambo, pale mezani."

"Nimekuuliza mwenyewe yuko wapi."

"Hajulikani, mama. Hajawahi kupanda jukwaani hata siku moja." Msichana akasogea, akanong'ona kama anayetoa siri ya serikali. "Wengine wanasema alishakufa."

Mama Angalia alianza kukaa chini palepale. Wifi akamdaka kwapani.

"Wewe mtoto!" wifi akafoka. "Unamwambia mzazi wa watu neno kama hilo huku unatafuna jojo?"

"Samahani. Ni uvumi tu."

Lakini uvumi ukiingia kwa Mama Angalia hauwi uvumi tena, unakuwa cheti cha daktari. Tayari alishamwona binti yake amelazwa mahali baridi, na hawa watatu wameibakiza sauti kama watu wanavyobakiza viatu vya marehemu. Alikuwa amejaza mapafu ili apige yowe la msiba. Yowe likakwama.

Kwa sababu ngoma ilianza.

Du-du, pumzi. Du-du, pumzi. Du-du, pumzi.

Wa kwanza kuitambua hakuwa Mama Angalia. Ilikuwa nyonga yake ya kulia. Nyonga ile ilisogea yenyewe, ikaegemea hewa, na nusura iwaangushe wote wawili.

"Wifi, unacheza?" wifi akauliza kwa furaha.

"Sichezi! Hiyo ni Bi Kiuno!"

Bi Kiuno si mtu. Ni mashine kuukuu kuliko zote katika chumba cha kufulia cha hospitali. Ukiijaza mashuka, inapofika wakati wa kukamua hutikisa makalio kama bibi harusi, na usipoiegemea kwa nyonga hutembea mpaka mlangoni. Mafundi wameishindwa. Kwa hiyo kila siku Mama Angalia huiegemea, na kwa kuwa mkono mmoja unabaki hauna kazi, hushika simu na kumtumia binti yake ujumbe wa sauti. Kuandika hakumpendezi, herufi zile ni ndogo na kidole chake ni kikubwa. Kusema ndiko kwake. Husema mpaka mashine isimame.

Du-du, pumzi. Gitaa likaingia juu yake, likalia kama bati linalokatwa. Na juu ya gitaa, kutoka kwenye spika zote kwa pamoja, ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, kali, yenye haraka, inayokwenda sawasawa na mashine.

"Angalia! Umefunga mlango?"

Ukumbi mzima ukainua mikono. "NIMEFUNGA!"

"Angalia! Umekula?"

"NIMEKULA!"

"Simu usichaji kitandani, utaungua!"

"SICHAJI!"

"Na mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, huyo usimwamini!"

Hapo kila kijana aliyevaa miwani ya jua akaivua akairusha juu, na ukumbi ukacheka kicheko cha watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi.

Mama Angalia alisimama mdomo wazi. Alichomoa pamba sikio la kushoto, akachomoa na la kulia, kana kwamba pamba ndiyo iliyomsengenya.

"Wifi," alisema. "Huyo ni mimi."

Wifi yake alikuwa amejikunja, ameshika mbavu, machozi yanamtoka na kuchora mistari kwenye wanja. "Wewe... wewe umeimba!"

"Sijaimba! Nimeonya!"

"Umeimba, wifi! Tena watu wanakujua kwa moyo! Kaka yangu kakusikiliza miaka yote hiyo bila ngoma, maskini, kumbe kilichokosekana ni ngoma!"

Wazazi wenzangu, liwe somo. Tunadhani tukionya tunasikika kama manabii. Hakuna aliyetuambia kwamba tunasikika kama mashine ya kufulia.

"Soda iliyofunguliwa usinywe!" sauti iliendelea kutoka juu. "Ukioga maji ya moto usitoke nje! Ukitoka nje jifunike! Ukijifunika angalia usizibe pua!"

"SIZIBI!"

Kisha, ghafla, gitaa likanyamaza. Ngoma ikapungua, ikabaki kama moyo wa mtu aliyelala. Hakuna aliyecheka tena. Msichana wa nywele za kijani akajikumbatia.

"Hapa," alinong'ona, "ndipo watu hulia."

Sauti ilirudi. Safari hii haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayejisemea peke yake chumbani.

"Hajibu... Nimemchosha mtoto. Hata ningekuwa mimi nisingejibu. Mdomo gani huu, hauna hata Jumapili..."

Mama Angalia aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amemaliza kuonya. Kidole kilikuwa na povu, kikateleza juu ya kioo badala ya kuachia, na simu ikaendelea kurekodi bila yeye kujua. Alidhani anaiambia Bi Kiuno. Kumbe alikuwa anauambia mji.

Pembeni mtu alipenga kamasi. Nyuma mtu mwingine alisema, "Nikitoka hapa nampigia."

Ukumbi uliona wimbo. Mama Angalia aliona nguo yake ya ndani juu ya kamba ya barabarani.

"Wamenianika," alisema.

"Umezoea kuanika wewe, leo zamu yako," alijibu wifi, lakini sauti yake ilikuwa imelowa.

"Mwanangu ndiye aliyewapa. Ama wamempora. Kama yuko hai atanijua leo. Na hizo ndege zao zitaruka tupu!" Akamshika msichana wa kijani bega. "Ni kweli wanaondoka kesho?"

"Inategemea, mama. Unamwona yule bibi wa suti nyeupe, kule juu, amekaa peke yake? Ndiye Wakala. Yeye ndiye anayewapeleka nje. Amekuja kuonja. Akiridhika na onyesho la leo, kesho wanapaa. Akinyanyuka kabla halijaisha, safari imekufa."

Mama Angalia alimwangalia yule bibi. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi alimwona mtu mwenye sura ya maana: uso mkavu, mikono imefungwa kifuani, hatikisi hata kisigino.

"Mungu amzidishie ugumu wa moyo," aliomba, akaanza kusukumana kwenda mbele.

Alisukuma kama anavyosukuma toroli la mashuka, kwa kifua, bila kuomba radhi. Wifi alimfuata nyuma akiomba radhi kwa niaba ya ukoo. Mbele kabisa, penye ngazi za jukwaa, alikuwepo mlinzi: jitu lenye shingo ya nguzo.

"Mama, rudi nyuma."

"Nimekuja kuchukua sauti yangu. Na mtoto wangu."

"Rudi nyuma, mama. Kila wiki anakuja mtu hapa ananiambia hiyo sauti ni ya mama yake."

"Nimekuambia ni ya mama yangu? Nimesema YANGU!"

"Mama, sitaki kukugusa."

"Usiniguse! Na angalia, kamba ya kiatu chako imefunguka, utajikwaa uvunje meno, halafu utakula nini na mwili wote huo?"

Jitu lilitazama chini. Kamba ilikuwa imefunguka kweli. Lilipoinua uso, macho yalikuwa yamekuwa ya mtoto wa chekechea.

"Ni wewe," lilisema.

"Ndiyo mimi."

"Mama, kwa ajili yako, siku hizi mlango naufunga, naondoka, narudi kuuangalia tena."

"Unafanya vizuri."

"Mke wangu anasema nimekuwa kichaa."

"Mwambie aangalie jiko."

Jitu likasogea kando, likaweka mkono kifuani kwa heshima. "Pita, mama. Pita."

Na Mama Angalia akapita. Alipanda ngazi zile kifua mbele, kidole cha kuonyea kimenyooka, akili imejaa hotuba. Alikuwa ametoka tu kumwonya mtu mzima kuhusu kamba ya kiatu. Sasa hebu niambieni, mama wa namna hiyo, aliyeonya watoto wa mtaa mzima kuhusu nyaya, anapopanda mahali penye nyaya kama mbuga yenye nyoka, atatazama wapi?

Alitazama mbele.

Kiatu cha mpira kilinasa. Alipepesuka, akadaka hewa, akadaka shati la mpiga ngoma, akatua kwa makalio katikati ya jukwaa. Waya mweusi, mnene kama kidole, ulichomoka ukutani na kuruka nyuma yake kama mkia.

Moyo wa kwenye spika ukakatika. Du... halafu hakuna.

Kijana wa mtambo alibonyeza. Akabonyeza tena. Akainua mikono kama aliyeona maiti ikifumbua macho.

"Imezimika!"

"Iwashe!" alisema wa gitaa.

"Haiwaki! Ilizimwa ikiwa inafanya kazi, inagoma! Sauti zote zimo humu!"

Ukumbi ukaanza kunung'unika. Mluzi mmoja, wa pili. Na katika spika ndogo iliyolala pale miguuni mwa wanamuziki, ile wanayotumia kusikilizana na fundi wao, ikapasuka sauti ya kike:

"Nani amechomoa? Nauliza, NANI AMECHOMOA?"

Mama Angalia akanyanyua kichwa. Ile sauti ya mwanzo ilikuwa tamu na imetulia. Hii ilikuwa na hasira, tena hasira yenyewe ni ya upande wa baba yake. Mtu aliyekufa hakasiriki hivyo.

Yu hai!

Alitazama juu ya vichwa vya watu. Mbali, katikati ya ukumbi, palikuwa na kizimba kilichozungushiwa uzio, chenye meza pana ya vitufe na taa ndogo. Alikuwa amepita ubavuni pake wakati wa kuingia, tena alimwambia wifi, "Angalia, hapo usiguse." Nyuma ya meza ile alikaa mtu mwenye hedifoni kubwa. Kichwa na mabega tu ndivyo vilivyoonekana. Lakini mzazi hahitaji zaidi ya mabega.

Na mtu yule naye alikuwa amemwona.

"Mama?"

Katika kihoro chake alikuwa amebonyeza kitufe kisicho chake. Neno lile lilitoka kwenye spika zote. Ukumbi mzima ukageuka nyuma, ukageuka mbele.

Mpiga gitaa alimsaidia mama kusimama. Alikuwa na jasho na mchoro wa nge shingoni. "Wewe ndiye mama mwenye sauti?"

"Ndiyo mimi. Na wewe ndiye uliyeniibia?"

"Mama, utanipiga baadaye, naahidi nitasimama vizuri. Lakini Wakala yule kule. Akitoka, tumekwisha. Huo wimbo ndio aliokuja kuusikia, na hatuna sauti. Huwezi... ukasema mwenyewe?"

Akamsogezea kipaza sauti.

Mama Angalia aliangalia juu. Bibi wa suti nyeupe alikuwa ameshika mkoba. Alikuwa anautafuta mkono wa pili wa koti lake.

Wasomaji, sikilizeni jinsi shetani anavyopanga viti. Huyu mama alikuja kuivunja safari. Amejikwaa, safari inavunjika yenyewe. Hana haja ya kugombana, hana haja ya kulia, hana haja ya kumburuta mtu kwa sikio. Alichotakiwa kufanya ni kimoja tu: kunyamaza. Kazi ambayo hajawahi kuifanya maishani mwake, lakini safari hii malipo yalikuwa ni mtoto.

Akafumba mdomo. Akaufumba kabisa, mpaka midomo ikapotea.

"Mama, tafadhali," alisema wa ngoma.

Kimya.

"Amepatwa na mshtuko," alisema wa mtambo.

Chini ya jukwaa wifi yake alimtazama. Wifi anayesuka nywele za watu kila siku huwa anasoma vichwa kwa nje. Akatikisa kidole polepole. "Wifi," alisema, si kwa nguvu, "nakuona."

Ndipo sauti ya binti ikatoka tena. Ilikuwa imeshuka, imechoka.

"Mwacheni. Msimsumbue mama yangu, hakuona waya. Ni ajali tu." Kisha, kwa upole zaidi: "Mama, umeumia?"

Angemlaumu, ingekuwa rahisi. Angemwambia "umeniharibia maisha", Mama Angalia alikuwa na majibu yake tayari, ameyapiga pasi na kuyakunja. Lakini alimtetea! Mbele ya ukumbi mzima, mtoto anaishuhudia safari yake ikitafuta mkono wa koti, na neno la kwanza linalomtoka ni umeumia.

Mama Angalia aliona haya. Haya ilianzia kwenye visigino, ikapanda.

Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kuku. Akajaribu. "A..." Hakuna. Mdomo ule usio na Jumapili ulikuwa umekwenda mapumziko. Bila Bi Kiuno hakujua maneno yanaanzia wapi. Akatazama huku na huku, akaiona ile spika kubwa, akasogea, akaiegemea kwa nyonga ya kulia.

"Wewe wa ngoma," alisema. "Gonga mara mbili, halafu nipe nafasi ya kuvuta pumzi."

Du-du, pumzi. Spika ikamtikisa. Mwili ukakumbuka.

"Angalia!" Sauti ikatoka, kali, ya haraka, ile ile. "Umefunga mlango?"

Ukumbi ulichelewa kidogo tu, kwa mshangao. Halafu paa likataka kuhama.

"NIMEFUNGA!"

"Umekula?"

"NIMEKULA, MAMA!"

"Mwongo wewe mwenye kofia, shavu hilo halijala! Na wewe uliyembeba mwenzako mabegani, mteremshe, ana mifupa huyo, si begi! Na nyinyi mnaobusiana pale penye nguzo, nimewaona, na nguzo imewaona!"

Haya hayakuwa kwenye wimbo. Vijana walipiga kelele mpaka kelele ikakosa sauti. Gitaa likaingia, likamfuata kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Wifi alikuwa amelishika jitu la ngazini mikono miwili na wanacheza. Kule juu, koti lilikuwa limevaliwa mkono mmoja, na kwa mkono huo mmoja bibi wa suti nyeupe akakaa tena.

Mama Angalia alimwona akikaa. Alijua maana yake. Kila neno alilotoa lilikuwa linamkatia binti yake tiketi.

Ngoma ikashuka. Ilifika ile sehemu. Ukumbi ukatulia ukisubiri maneno ya kidole chenye povu, nimemchosha mtoto, maneno ambayo wote waliyajua. Wengine walishatoa leso.

Hakuyasema. Aliona haya kuyasema mara ya pili, na safari hii mwenyewe yuko pale, chini ya taa ndogo, hedifoni shingoni. Katika ujumbe wote aliowahi kutuma alimwuliza binti yake mambo ambayo majibu yake alikuwa nayo tayari. Sasa akatafuta swali ambalo jibu lake halijui.

"Mwanangu," alisema. "Unataka kwenda?"

Vichwa vyote vikageukia kizimbani.

"Nataka, mama," sauti ikajibu kutoka kila upande. Kisha ikaongeza, ndogo, kama ya siku ya kwanza shuleni: "Lakini naogopa."

Mama Angalia alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka pamoja na machozi, na kipaza sauti kikavipeleka vyote viwili mpaka viti vya nyuma.

"Unaogopa? Hilo tu? Mimi nimeishi na woga tangu siku nilipokushika. Nalala nao, naenda nao kazini, naula, naufua, naukamua. Umeshindwa kuniua mpaka leo. Chukua wako, uende nao!"

Msijaribu kuniuliza kelele zilikuwaje. Msichana wa nywele za kijani alimkumbatia wifi, wifi akalikumbatia jitu. Kule juu bibi wa suti nyeupe alisimama, na mara hii hakusimama kuondoka: alikuwa anapiga makofi mikono juu ya kichwa. Safari imepona. Na mama aliyevuka nusu ya nchi kuja kumrudisha mtoto nyumbani, ndiye aliyempa ruhusa, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wasiohesabika. Ndiyo faida ya kuonya hiyo.

"Njoo!" vijana walipiga kelele wakimgeukia binti. "Mwacheni apite! Njoo jukwaani!"

Mtu wa taa akageuza taa kubwa nyeupe, akaimwaga juu ya kizimba. Binti alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza. Akajifuta macho. Alikuwa amekaa tangu onyesho lilipoanza. Sasa akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajisukuma juu taratibu, akasimama, akageuka ubavu ili apite kati ya meza na uzio.

Hakupita. Tumbo lilimtangulia.

Ukumbi ukanyamaza safu kwa safu, kutoka nyuma kuja mbele.

Mama Angalia, mwanamke aliyeziona hatari zote za dunia hii kabla hazijazaliwa, alikuwa bado amekishika kipaza sauti mdomoni. Na kilikuwa kinawaka.